Swichi Isiyo na Sauti

Treni ya asubuhi haikuwa na watu wengi. Mama mmoja mpiga chapa alikaa dirishani, amepakata kibodi yake kama mtoto, mpaka fundi wa kompyuta aliyekaa mbele yake akashindwa kujizuia.

"Mama, hiyo imeharibika nini?"

"Haijaharibika, ina kelele tu. Nimehamia kwa binti yangu, ana kichanga. Kila nikianza kazi, mtoto anaamka. Naenda kutafuta nyingine."

Fundi akachangamka, maana nyumbani kwake hakuna anayemuuliza habari za swichi. Akatoa mkobani kibao chenye swichi nne, zile zinazokaa chini ya vibonye. "Bonyeza hii ya mwisho. Haina sauti, lakini ina kinundu. Kidole chenyewe kinajua kimefika."

Mama akabonyeza. Kweli, kidole kilijua, sikio halikuambulia kitu. Akarudia mara mbili tatu, kisha akahamia ile ya kwanza, yenye mlio.

"Hiyo itamwamsha mjukuu wako."

"Najua, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa akinisikiliza kutoka jikoni. Kelele ikikatika, alijua nimechoka, akaniletea chai. Miaka thelathini, sikuwahi kuiomba."

"Si binti yako atakuletea?"

"Atajuaje?"

Fundi akakuna kichwa. Treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo. "Lakini mama, mtoto lazima alale."

"Lazima," mama akakubali, akamrudishia kibao chake taratibu. Hakusema atanunua ipi. Treni ikasimama, milango ikafunguka.