Mwanamume wa Nyumba Hii

Sogeeni, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Janeffer, kaa hapa kitandani, na Kipkosgei akae karibu na mama yake. Wewe Kimeli, mtoto wa shemeji yangu, usisimame hapo kama mtu wa haraka. Haya yanakuhusu kuliko wote.

Shamba hili, na majani chai yake, nililinunua kwa kazi ya Nairobi. Kanisani mnasema nilikuwa mpishi. Nililala na wanaume wakanilipa, nikarudi hapa Chepilat nikiwa mjane asiye na mtoto, nikamwoa Janeffer kwa mila yetu, mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke amzalie, kwa mahari, mbele ya wazee. Kwa hivyo mume wake ni mimi, na mwanamume wa kuizalia nyumba hii huchaguliwa na mimi. Baba ya Kipkosgei nilimchagua, na amekufa. Najua mnangoja nifumbe macho ndipo Kimeli aingie kwa Janeffer.

Kimeli, mke wako tulimzika akiwa mifupa mitupu, mkasema amerogwa. Mimi nimezika wenzangu wa Nairobi wakiwa hivyo hivyo, na niangalie mimi mwenyewe nilivyobaki. Sikutukani. Nenda hospitali upimwe damu, Janeffer akiwa hapo asikie majibu. Ukikataa, usikanyage kwangu. Na hata ukiwa mzima, yeye ndiye ataamua. Shamba ni lake na la Kipkosgei, mtu asilifanye chambo cha kumnasa.

Kule mjini daktari alitupatia mipira ya kujikinga na ugonjwa, lakini mteja akikasirika, unao mkononi na ulimi umekwama. Basi tukawa tunafanyishana mazoezi kabla ya kazi: mmoja anajifanya mteja, anabembeleza, anatisha, na mwenzake anakataa mpaka mdomo uzoee. Mimi mazoezi hayo yalinikuta nimeshachelewa. Wasichana walioanza nayo, wengi wako hai.

Janeffer, mgeukie Kimeli. Mwambie hapana.

Hapo umenong'ona. Sema tena, wazee walio nje wasikie.

Na akija na mzee wa kanisa? Na akisema shamba ni la ukoo? Eeh. Hivyo.

Mnizike hapa juu, karibu na chai. Kipkosgei, leta kichwa nikutemee mate ya baraka. Mungu awape maziwa, awape... ngojeni nipumue. Awape maisha marefu, nyinyi wote, hata wewe Kimeli.

Janeffer, usinyamaze. Mwambie tena, nilale nikikusikia.