'M'e Mamotebang Phakisi na Jiwe Namba 88

Tarehe 28 Juni 2019 'M'e Mamotebang Phakisi, yaani mama kwa lugha yetu, anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kuchunguza zana za kale hapa Ha Ramokoatsi kwa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Mkuu wa kituo alitaka karani aandike wasifu huu. Nikakataa. Mimi Sekoala Mphutlane nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini hakuna anayeijua kazi ya mama huyu kama mimi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumkosesha.

Aliajiriwa mwaka 1986 kuosha mawe yaliyochimbwa mapangoni. Baada ya mwaka mmoja akafundishwa kutazama makali ya jiwe kwa hadubini na kusema lilitumika kufanya nini. Ngozi huacha mng'aro wake, mti wake, matete wake, na mfupa huacha mikwaruzo. Ila mtu wa kale hayupo wa kuulizwa. Ndiyo maana akajaribiwa kwa mawe yangu. Nilipasua jiwe, nikalitumia kwa siri nyuma ya karakana, nikaandika jibu kwenye karatasi, karani akaifunga ndani ya bahasha. 'M'e akatazama, akasema, kisha bahasha ikafunguliwa. Akiyasoma mawe yangu sawasawa, ataaminiwa pia kwa yale ya pangoni.

Nami sikuwa mpasuaji wa kubahatisha. Kuanzia Butha-Buthe kaskazini hadi Qacha's Nek kusini hakuna anayetoa kijiwe chembamba kama changu. Makovu ya vidoleni ninayo. Lakini wageni wakija waliingia moja kwa moja chumbani kwake, wakamwita mtaalamu. Mimi niliitwa yule mzee wa kugonga mawe. Iliniuma, sitaficha.

Basi nikamtegea. Nilikata matete kwa mkono wa kushoto. Akaandika matete, mkono wa kushoto. Nilichinja kondoo kwa kijiwe. Akaandika nyama, mfupa umegongwa mara mbili, kisha akamtuma karani aniambie kwamba mchinjaji wa kweli hagongi mfupa, na aulize fungu lake la nyama liko wapi. Kituo kizima kilicheka wiki nzima.

Mwaka 1997 alikuja profesa mmoja kuandika kitabu juu ya zana za pango letu. Akataka majaribio kumi mapya. 'M'e alipata tisa. Jiwe namba 88 alisema limekata ngozi kavu, bahasha ikasema matete. Kwa kosa hilo profesa akaliondoa jina lake mbele ya kitabu, akalitia nyuma kabisa kwenye shukrani, pamoja na mpishi wa kambi.

'M'e hakulia. Alilitazama jiwe lile siku tatu, akaja nalo karakana.

"Ntate Sekoala, sina ugomvi na wewe," alisema, akiniita baba kwa heshima. "Lakini jiwe hili limekula ngozi."

Nikamjibu kwamba kama jiwe linaweza kusema, alipeleke kwa chifu likatoe ushahidi. Watu walicheka. Nami kwa miaka ishirini na miwili, kila mahali penye joala, pombe yetu ya mtama, na wasikilizaji, nilihadithia namna nilivyomwangusha Mamotebang.

Hata hivyo daftari la kituo halikuniacha nipumzike. Majaribio mia mbili na kumi na mawili, kosa moja. Kosa moja peke yake hutazamwa mara mbili. Nilitaka awe na la pili kabla hajaondoka, ili lile la kwanza lionekane la kawaida.

Januari mwaka huu nikachonga ncha ya mfupa wa mguu wa kondoo. Sikutoboa ngozi nayo wala kuchokoa kitu. Niliitia mfukoni mwa koti langu la sufu, nikatembea nayo miezi minne, kanisani, mazishini, kwenye pitso ya chifu na wanakijiji, mpaka ikang'aa kama iliyofanya kazi maisha yake yote. Mwezi Mei nikampa.

Alikaa nayo siku mbili. Wakati wa chai, mbele ya wafanyakazi wote, akasoma jibu lake: mfupa haukufanya kazi yoyote, umebebwa mfukoni, kwenye sufu, aliyeubeba alikuwa akiushikashika kwa dole gumba. Bahasha ikafunguliwa. Watu wakapiga makofi. Yeye akaja akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Umeushika sana mfupa huu, ntate. Miezi yote hiyo ulikuwa unaogopa nini?"

Jibu lake ninalitoa leo. Jiwe namba 88 lilikata ngozi ya mbuzi, kavu, nyuma ya karakana, Jumanne asubuhi. Niliandika matete makusudi, kwa sababu profesa alipofika alimpa mkono 'm'e kwanza. Karani hakujua lolote.

Jana nilimwomba mkuu daftari. Nimeandika kwa mwandiko wangu mbaya, ili asisingiziwe mtu mwingine: majaribio mia mbili na kumi na matatu, kosa hakuna. Mkuu ameahidi kumwandikia profesa barua, nami nitaitia sahihi.

'M'e Mamotebang, tunakushukuru. Nenda nyumbani salama, ukale papa yako, ugali wetu wa mahindi, bila haraka, na macho yako yapumzike. Wivu bado ninao. Hata leo naona wamekuandalia kiti kizuri kuliko changu. Kikalie, ni chako.