Bi Edna Pardoe Alipokaa Siti ya Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu tumemzika Bi Edna Pardoe wa hapa kijijini kwetu Clun. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Wengi wenu mlipanda basi lake mkiwa na kaptula, kamasi zinawatoka. Miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la shule. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kumwacha mtoto njiani.

Mwaka juzi alipofuka macho. Mwezi uliopita akawaita wanawe wawili, Hazel na Trevor. Akasema anataka kutembezwa kwa gari, polepole, siku nne, kupitia miji ya Ludlow na Leominster na vijiji vya huko chini.

"Mama, utaona nini?" Hazel akamwuliza.

"Mimi nitasikia. Nyinyi wawili mtakaa mbele."

Hapo Hazel akaelewa. Yeye na kaka yake walikuwa hawajazungumza miaka sita. Trevor ndiye aliyempeleka baba yao kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mzee akafia huko baada ya wiki mbili. Siku ya mazishi Hazel alimwambia neno moja tu: "Umemuua."

Wakaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Bi Edna alikaa nyuma, blanketi magotini, akitoa amri kama bado ameshika usukani.

"Kona hiyo inakuja! Punguza, Trevor. Hapa matrekta hayapigi hodi."

Siku ya kwanza walicheka pamoja mara mbili. Hazel anakumbuka. Mara mbili.

Siku ya pili, karibu na kijiji cha Pembridge, waliegesha kando ya barabara ili wale mikate yao ya jibini. Mama akasinzia. Trevor akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ulikuwa Uhispania. Mimi nilikuwa namwinua baba sakafuni kila asubuhi, peke yangu."

"Si ungeniita?"

"Nilikupigia mara ngapi, Hazel?"

Hazel akalirudia lile neno la siku ya mazishi. Trevor akafungua mlango, akatokomea mvuani.

Mama akazinduka. "Trevor yuko wapi?"

"Amekwenda kununua maziwa ya chai."

Saa nzima ikapita.

"Maziwa gani hayo? Anamkamua ng'ombe mwenyewe?"

Hazel akacheka, machozi yakimtiririka. Mama hakuyaona. Akajifunika blanketi vizuri, akasema, "Tumsubiri. Hatumwachi mtu."

Walimsubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Trevor hakurudi. Hazel akageuza gari kuelekea nyumbani.

Siku tisa baadaye Bi Edna akafariki usingizini. Siku zote hizo tisa, hakumwuliza tena Hazel kuhusu maziwa.

Trevor ameniruhusu niyaseme haya. "Nilikuwa nimeshageuka nirudi," aliniambia. "Hasira zilikuwa zimekwisha. Basi la kule hupita mara mbili kwa siku. Likaja dakika ile ile. Nikapanda, nikaenda zangu nyumbani."

Hazel, Trevor, poleni sana. Clun nzima inawapa pole. Jumatatu mlisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na sote tuliwaona.

Nawe unayenisikiliza, kama yuko mtu wako ambaye hamsemezani, usiningoje nimalize. Zima redio. Mpigie.