Kisima Nilichokifunga kwa Kufuli

Bwana asifiwe, kanisa la Lodwar! Ejok! Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu, maana nilihitaji kuzisikia sauti zenu kwanza.

Naitwa Risper. Kakuma wananiita Madam kwa sababu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Nyamira, kwenye migomba na mvua ya kila jioni, nikaletwa Turkana na barua ya serikali miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilikuja nikilia, nikidhani nitakaa mwaka mmoja tu. Sasa mchungaji wenu aliponipigia simu alisema, njoo Madam, utufundishe jinsi mnavyoongoza kanisa pamoja huko Kakuma. Nilicheka. Nikamwambia, Mchungaji, somo sina. Nina ushuhuda, na si mtamu.

Nimekuja na dada mmoja. Yule pale benchi la pili, mwenye shanga nyekundu. Anaitwa Apua. Kabla hatujapanda gari nilimuuliza kama ninaweza kusimulia mambo haya mbele ya watu. Alinitazama, akasema, "Sema yote. Usiache ile mbaya." Kwa hiyo nitasema yote, ndugu zangu, na mtanivumilia.

Nilikuwa mwenyekiti wa kanisa letu kwa miaka minne. Wazee wa kanisa walikuwepo kwa jina tu. Nani ataomba, nani ataimba, nani atafagia Jumamosi, mgonjwa yupi atembelewe, yote niliandika mimi kwenye daftari kama zamu za walimu. Mzee Lokwang, aliyelianzisha kanisa lile juani kabla halijapata hata bati moja, alikuwa akiniomba mimi ruhusa ya kusalimia watu! Na mimi nilijisifu. Nilisema ninawasaidia. Nilisema hawa watu hawajazoea mpango. Mungu anisamehe, nilisema hivyo wakisikia.

Wala msidhani nilikuwa mtu wa dunia. Nilikuwa nafunga na kuomba. Nilifika kanisani wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kiburi changu kilikuwa kimeokoka, kinajua nyimbo zote, kinatoa machozi wakati wa maombi. Kiburi cha namna hiyo ni kigumu kukitambua, na aliye nacho ndiye wa mwisho kukiona.

Sasa, katika uwanja wa kanisa letu kuna kisima cha pampu ya mkono. Hapo wanachota kina mama Waturkana wa mjini na kina mama wa kambi ya wakimbizi wanaoabudu pamoja nasi, Wakongo na Wasudani. Pampu ilikuwa na mnyororo na kufuli. Mnajua mtasikia nini: ufunguo ulikaa shingoni mwangu, kwenye kamba ya kiatu.

Ilikuwa Aprili ya mwaka jana, 2012, shule zimefungwa. Asubuhi ile Apua aliacha mtungi wake kwenye foleni akaenda kuwatazama mbuzi wake. Kwetu mtungi ukiwa kwenye foleni ni kama wewe mwenyewe umesimama. Mama Furaha, Mkongo, mwimbaji wetu, akausogeza nyuma, akisema mwenyewe hayupo. Apua aliporudi maneno yakawaka. Mmoja wao akaupiga teke mtungi wa mwenzake uliokwisha kujazwa, na maji yakamwagika. Ndugu zangu, ninyi mnajua Turkana. Kumwaga maji ya mtu mbele ya macho yake!

Kina mama wakaanza kuketi pale pale mchangani wazungumze. Mzee Lokwang akaniambia, "Madam, wacha waongee. Wataelewana." Lakini mimi nilikuwa na semina ya walimu hapa Lodwar, na gari lilikuwa linanipigia honi. Sikuamini kwamba watu wale wangeweza kumaliza jambo bila mimi. Nikapitisha mnyororo, nikafunga kufuli, nikasema, "Hakuna atakayechota mpaka nirudi niamue." Nikapanda gari na ufunguo wangu shingoni.

Nilisema siku mbili. Semina ikaongezwa ikawa wiki nzima.

Siku ya tatu mchana Mzee Lokwang alinipigia simu. Mabomba ya mji yalikuwa makavu. Akasema, "Madam, watu iko na kiu. Hii kufuli tuvunje ama tuache?" Nilikuwa nimeketi na wenzangu, nina soda baridi mkononi. Nikamjibu, na maneno haya siwezi kuyasahau, "Atakayevunja kufuli lile amejitoa mwenyewe kanisani." Kisha akasema, "Sawa, Madam."

Ndugu zangu, walinitii! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Watu wazima wenye akili, wanaolijua jangwa kuliko mimi, walikaa na kiu mbele ya kisima chenye maji kwa sababu mwalimu alisema. Nilikuwa nimewafundisha vizuri sana.

Siku ya nne kina mama walikwenda kuchimba mtoni. Mto wetu, Tarach, ni mchanga mtupu siku nyingi za mwaka, lakini ukichimba chini unapata maji kidogo. Apua alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikwenda na Mama Furaha. Wale wawili niliosema hawawezi kutumia pampu moja walikuwa kwenye shimo moja, Apua ndani anachota kwa kikombe, Mama Furaha juu anapokea na kumimina mtungini. Kakuma hakukuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kule milimani upande wa Uganda, na sisi wa huku tunajua mto unaweza kuja wakati jua linawaka. Kina mama wengine waliusikia wakakimbia. Apua alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni.

Mama Furaha hakukimbia. Alimshika mikono akamvuta, na maji yakawakuta wote wawili wakiwa bado mchangani. Yaliwaburuta hadi kwenye kona ya mto, na hapo wakashika mizizi ya mti mmoja ulioinama ukingoni. Wanaume walikuja na kamba. Walitolewa wakiwa hai, nalihimidi jina la Bwana! Lakini hospitalini, siku iliyofuata, mimba ilitoka.

Mzee Lokwang alinipigia tena. Hakunilaumu. Alisema tu, "Apua alibebwa na maji. Yeye iko. Mtoto hayuko."

Niliondoka Lodwar saa ile ile. Njiani laga moja, mto wa msimu, lilikuwa limejaa, tukasimama ukingoni saa nyingi kusubiri maji yapungue. Nitawaambia ukweli kwa sababu Apua amesema nisiache mbaya. Hata pale, ufunguo ukiwa kifuani mwangu, nilikuwa napanga hotuba. Nilikuwa natafuta jinsi ya kueleza kwamba sheria ilikuwa nzuri ila watu hawakuwa waangalifu.

Nilipoingia wodini Apua aligeuza uso ukutani. Mama Furaha alikuwa ameketi kando ya kitanda, mikono yake imechubuka hadi viwiko. Nikaanza kusema juu ya ugomvi wao wa foleni. Akanikatiza kwa upole. "Madamu, siye tulisha kusikilizana siku ile ile. Ni weye tu njo ulikuwa haujue."

Hotuba yangu ikaishia pale. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye kivuli cha tangi la maji la hospitali, nikalia kwa sauti mpaka wauguzi wakatoka kuuliza nimefiwa na nani.

Kesho yake niliandika barua mbili. Moja ya kujiuzulu uenyekiti, nyingine ya kuomba uhamisho nirudi Nyamira. Nilitaka kukimbia, na kukimbia huko nikakuita unyenyekevu. Wazee walipokea ile ya kujiuzulu, wakairudisha bila kuifungua. Niliwaambia na habari ya ile nyingine; walisema nije kwenye kikao kwanza.

Waturkana mnajua kikao chenu, lakini wageni wenzangu wasikie. Watu huketi mchangani, wazee kwenye vigoda vyao vidogo, na kila mmoja husema mpaka amalize. Hakatizwi. Na yule ambaye jambo ni lake hungoja, anawasikiliza wote hadi wa mwisho. Mimi, ndugu zangu! Mimi ambaye darasani sijawahi kumwacha mtu amalize sentensi mbili! Nilikaa tangu asubuhi hadi jua likapita utosini likaanza kushuka. Mama mmoja alisema aliacha kuongoza nyimbo kwa sababu nilimwonyesha saa mbele ya watu. Mzee mmoja alisema mkewe alipougua alingoja mwezi mzima jina lake lifike kwenye orodha yangu ya kutembelewa. Mwingine alisema ananipenda lakini ananiogopa kuliko anavyomwogopa Mungu. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, ningepata cha kujibu.

Mwishoni Mzee Lokwang alisimama. Nilijua ananifukuza, na nilikuwa tayari. Akasema, "Madam, wewe hapana enda Nyamira. Utakaa na sisi. Lakini peke yako, hapana tena."

Basi! Hayo tu! Nilivua ile kamba shingoni nikaiweka mchangani. Nimeona pepo wakitolewa kwa kelele na watu kuanguka. Mimi nilifunguliwa nikiwa nimeketi, mdomo umefungwa, nikisikiliza. Nilihisi shingo yangu ni nyepesi, na aibu yangu ni nzito, na vyote viwili vilikuwa vyangu siku ile. Nilitoa mbuzi wa faini kama inavyotakiwa, akachinjwa, tukala pamoja. Fungu la Apua likapelekwa nyumbani kwake. Lilirudi.

Tangu siku ile kanisa linaongozwa na watu watano: Mzee Lokwang, Mama Furaha, shemasi mmoja Msudani, Apua, na mimi. Kila Jumamosi mmoja wetu huongoza kikao, na anayeongoza ndiye anayesema mwisho. Mnyororo uliondolewa. Foleni ya kisima inaangaliwa na kina mama wenyewe. Ibada ya kwanza ambayo sikuipanga ilichelewa kuanza, matangazo yakasomwa mara mbili, sadaka ikasahaulika mpaka watu wanatoka mlangoni. Nilikaa nimejishika mikono nisisimame. Na Mungu alikuja, ndugu zangu! Alikuja bila daftari langu!

Lakini Apua hakuzungumza nami. Alikuja kila Jumamosi, akaketi, akatoa maoni mazuri kuliko yangu. Nikimuuliza jambo, alimjibu Mzee Lokwang. Miezi ikapita, Krismasi ikapita. Mimi nilikuwa mtu wa kumaliza mambo, na hili halikuwa langu kulimaliza. Nilijifunza kuketi ndani yake.

Mwaka huu mwanzoni, Jumamosi moja, ilikuwa zamu ya Apua kuongoza. Alipogawa kazi alisema, "Kufagia kanisa ni mimi na Madam." Wote wakainama wakaangalia miguu yao. Tukafagia. Vumbi la Kakuma mnalijua, unafagia linarudi. Tukafika mlangoni. Ndipo akaegemea fagio lake akaniambia, akiniangalia mimi, si mtu mwingine, "Uchungu ile ulinipa bado iko kwa roho yangu. Haijaisha. Lakini sitaki iishe nikiwa peke yangu."

Nilishika uzoleo, akasukumia vumbi ndani, tukaenda kulimwaga.

Wapendwa wa Lodwar, huo ndio uongozi wetu ambao mchungaji wenu alisikia habari zake. Hatukuutoa kwenye semina. Kama kuna mmoja hapa ambaye kila kitu kinamngoja yeye, nakusihi, kaa chini leo, waache watu waseme mpaka wamalize, uwasikilize. Kristo haogopi kanisa lake kuwa mikononi mwa wengi. Wewe ndiye unayeogopa. Na ninyi mliozoea kusema "sawa, Madam," au "sawa, Mchungaji," huku kiu inawaua, mpendeni mtu huyo kiasi cha kumkataza. Laiti watu wangu wangenikataza mimi.

Mtoto wa Apua angekuwa anatembea sasa. Angekuwa anashika nguo za watu kati ya mabenchi haya. Sikuja kuwaambia kwamba Mungu alilifuta hilo. Hakulifuta. Aliniokoa nikiwa bado nalo, akaniweka kati ya watu wanaolibeba pamoja nami, na wa kwanza kati yao ni mama yake. Kama anaweza kuniokoa mimi hivyo, mwaminini na ninyi, pamoja na hilo lenu msilolisema.

Ninamshukuru Mungu. Ninawashukuru ninyi. Sasa nitaketi. Dada Apua atakuja kutuombea, na baadaye tutarudi naye Kakuma kwa gari moja.