Gari la Kilomita Elfu Kumi na Moja

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu weka hiyo simu mfukoni, maana hilo gari unalonionyesha tangu asubuhi limenifanya nianze wosia wangu mahali ambapo sikupanga. Nilitaka kuanza na nyumba. Basi nyumba tuimalize upesi: ni ya mama yenu, na vile vyumba viwili vya uani akitaka apangishe, akitaka afuge kuku, na asiulizwe na mtu. Viatu vyangu achukue yeyote mwenye miguu mibaya kama yangu. Mama watoto, usinikonyeze. Daktari amesema nisichoke, hakusema nisicheke.

Sasa gari. Unaniambia, "Baba, lina miaka kumi na tisa lakini limetembea kilomita elfu nane tu, ni jipya kabisa!" na macho yamekutoka kama umeona mchumba. Mwanangu, macho hayo nayajua. Nilikuwa nayo mimi.

Mnakumbuka nilivyostaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha watu udereva kwenye magari ya wengine, nikikanyagiwa breki, nikikanyagiwa moto, nikirushwa mbele na nyuma kama gunia, na mimi mwenyewe sina hata baiskeli. Nikasikia mjane wa daktari wa meno anauza gari la marehemu. Nikaenda. Limefunikwa shuka la maua, viti bado vina nailoni, na kwenye dashibodi, kilomita elfu kumi na moja na ushee, gari la miaka kumi na saba! Nikalizunguka mara tatu. Nikalinusa. Wanafunzi wangu niliwafokea kila siku ya Mungu, kabla hujagusa usukani inama uangalie chini. Na siku ile mimi, mwalimu wao, sikuinama. Kwa nini? Suruali ilikuwa imepigwa pasi.

Kilomita zinakuambia gari limekwenda wapi, hazikuambii limekaa wapi. Gari lililolala miaka yote hiyo halilali kama mtoto. Mipira inakauka na kupasuka, mafuta ya breki yanaingia maji, tangi linaota kutu kimyakimya, na juu rangi inang'aa inakuchekea. Hayo hakunifundisha mjane. Aliniambia huyo hapo mlangoni, baba yenu mdogo, ambaye mtaa mzima mnamwita Spana.

Mdogo wangu, usiondoke. Nimemtuma mama watoto akulete kwa sababu ya haya ninayotaka kuyasema. Na ninyi wawili, kinyozi na seremala, nimewaita makusudi, msidhani mmekuja kuangalia chai inapikwa.

Siku moja kabla ya harusi ya binti yangu huyu, Spana alikuja hapa amevaa shati jeupe, akalala chini ya gari langu na shati lake jeupe, akamulika na tochi. Akatoka. Tulikuwa wawili tu uani. Akasema, "Kaka, mpira wa breki umekufa, utakatika wakati wowote. Usimpakie mtoto humu. Nipe siku moja tu nibadilishe." Na mimi, wanangu, mkubwa wake, mwalimu wa udereva, nikamjibu, "Huo ni wivu. Wewe fundi wa miaka ishirini hujawahi kumiliki gari zima, umeona langu limekuuma."

Kesho yake nikampakia binti. Kilichotokea mnakijua. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga uji, tukakiparamia kibanda cha kinyozi, tukavunja vioo vinne na mteja akakimbia amenyolewa nusu. Kinyozi, usicheke, siku ile hukucheka. Bibi harusi wangu akafika ukumbini kwenye mkokoteni wa seremala, ameketi juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi. Ashukuriwe Mungu hakuumia mtu.

Lakini pale ukumbini, mbele ya wakwe, mbele ya mtaa mzima, aibu imenielemea, nikatafuta pa kuitua. Nikamwonyesha kidole mdogo wangu nikasema kwa sauti, "Jana ulikuwa chini ya gari langu. Ulikata nini?"

Alikuwa na jibu, wanangu, jibu ambalo lingenivua nguo mbele ya wakwe zangu, na akalimeza. Akachukua kofia yake akatoka. Nikasema, mnaona, amekimbia.

Siku ya tatu nikavaa suruali mbovu, nikaingia chini ya gari mwenyewe. Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee, unameguka mkononi kama mkate wa wiki iliyopita. Hapana alama ya kisu. Binti, fungua droo hiyo ya chini, toa kitambaa cha bluu, mpira wenyewe umo ndani, wape waushike. Ushikeni. Seremala, wewe unajua kitu kilichokatwa na kitu kilichooza. Sema, umekatwa huo? Haya, mmemsikia.

Miaka kumi nimeufungia humo. Kila asubuhi nilisema leo nitatoka niseme, na kila asubuhi nikaona nyuso za wanafunzi wangu wote wakiniuliza, mwalimu, uliinama? Na wakati huo watu wakaacha kumpelekea magari, nani anampa gari mtu anayekata breki za kaka yake? Fundi bora kuliko wote hapa mjini akabaki anaziba pancha za baiskeli na kukaza magurudumu ya toroli. Mlikuwa mnampita barabarani mnamwamkia shikamoo ya haraka haraka, kama mnaokwepa mvua. Mlijifunza kwangu.

Kwa hiyo sikieni ninavyowausia, na kinyozi, wewe mdomo wako unafika mbali kuliko redio, usibakize neno. Spana hakukata kitu. Spana alinionya. Mwongo ni mimi.

Maji kidogo, mama watoto. ... Ahsante.

Gari langu ni la binti. Baba yake mdogo ndiye alitengeneze, hapo mbele ya nyumba, mchana kweupe, mtaa wote uone boneti imefunguliwa na mikono ya nani imo ndani. Na wewe kifungua mimba, hilo lako usilinunue mpaka yeye amelala chini yake. Akisema liache, liache, usimwambie ana wivu. Wewe utakuwa umeinama pamoja naye, na suruali ichafuke.

Mungu awape kuvumiliana. Awape mikono ya kazi na... na midomo myepesi ya kuomba radhi mapema, msingoje kulazwa chali kama mimi. Mama yenu mpendeni, anajifanya mkali tu. Nawabariki wote, na wale watoto wanaochungulia dirishani, nao pia.

Mdogo wangu... njoo, vuka hicho kizingiti. Siwezi kunyanyua kichwa. Nisamehe. Unasema nini? ... Eti ninyamaze nipumzike. Mmemsikia? Mpaka leo ananitunzia heshima. Nipe mkono. Mkono huu...

Wanangu, nguvu zinakwisha. Nikishafumba macho, msikae yatima na huyu yupo. Mkiita "baba", aitike yeye. Si baba mdogo, hapana... baba. Mwiteni sasa. Nisikie mwenyewe.

Kwa sauti, jamani, mgonjwa ni mimi.

Umewasikia? Wanakuita. Itika, mdogo wangu...

Haya. Nimesikia.