Fundi wa Kuhamisha Usukani: Maisha ya Crispus Mwiti, 1978–2024

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, wazee wa Malakia na mafundi wa Jebel, familia imenituma mimi, Isaiah Kirimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya Crispus Mwiti kabla hajaanza safari ya kurudi Nkubu, na nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa maana kuna jambo alilotuagiza tuliseme hapa Juba na si kule nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1978 huko Nkubu, Meru, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Stanley M'Mugambi na Mama Jerusha Karimi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, kisha sekondari hadi kidato cha pili, ambako anakumbukwa kwa kufungua pikipiki ya mwalimu mkuu ili aone kilichomo ndani, akairudishia yote isipokuwa skrubu mbili, na pikipiki ikaenda vizuri kuliko zamani, jambo ambalo halikumpunguzia viboko hata kimoja.

Mwaka 1996 aliingia gereji ya mjomba wetu, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akakaa miaka kumi na mitatu, na mwezi Mei 2009 akatumwa kuleta Juba Land Cruiser ya mteja iliyokuwa na usukani kushoto, gari la kwanza la namna hiyo kulishika mikononi mwake. Alipovuka mpaka pale Nimule alisahau kwamba huku watu hushika kulia, akaambaa kushoto kama yuko Thika, hadi wenyeji wakampigia kelele, “Yamin! Yamin!”, yaani kulia, naye kwa kuchanganyikiwa akatafuta indiketa kwa mkono wa kulia, waipa zikaanza kufagia kioo kikavu juani. Aliisimulia aibu hiyo miaka yote, na ndiyo iliyompa kazi, kwa kuwa aliona magari mengi yanaingia Juba kutoka Uganda na Mombasa yakiwa na usukani upande usiofaa, dereva hawezi kulipita lori bila kuponza kichwa cha aliyeketi kushoto kwake.

Akafungua gereji hapa Juba, mtaa wa Jebel, pamoja na Erifazi Okumu, fundi wa kuchomelea kutoka Busia, Uganda, na kwa wapenzi wa magari ya zamani hakukuwa na fundi kama yeye, maana wengine walihamisha usukani tu na kuacha mishale ya mwendo na mafuta imwangalie abiria, lakini Mwiti alikata dashibodi nzima na kuiunda upya kama sura kwenye kioo, saa, swichi, ufunguo na nyaya, hata mwenye gari akaapa kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani. Aliwafundisha vijana kwamba gia itahamia mkono wa kulia na mkono utakosea mwezi mzima, bali klachi, breki na mafuta hukaa kwa mpangilio ule ule pande zote mbili, akisema mikono ina nchi, miguu haina.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Serah Kawira, ambaye ni mwalimu, wakajaliwa watoto wawili, Cate mwaka 2011 na Mwenda mwaka 2015, na hata mapigano ya Julai 2016 yalipotutawanya, yeye alirudi Juba kabla ya mwezi kwisha, akisema wateja wake hawana pengine pa kwenda.

Sasa nafika pagumu. Kuanzia mwaka 2021 baadhi ya wateja wa magari ya zamani walimsihi asitoboe ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, wakitaka bodi ibaki nzima, naye badala ya kuhamisha silinda ya breki aliiacha kulia, akaweka pedali kushoto, akaziunganisha kwa chuma kirefu alichokipitisha nyuma ya dashibodi yake nzuri, kisionekane. Erifazi alimwambia, “Boss, hii chuma iko mrefu sana, siku moja itakataa,” naye akamjibu kwamba weldi ya gereji yake haijawahi kurudi, na hivyo akayatengeneza magari saba.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, alikuwa akiijaribu Land Rover ya Mzee Aguer, mojawapo ya hayo saba, kwenye mteremko wa Jebel, akakanyaga breki na pedali ikalala sakafuni, chuma kimekatika kwenye weldi, akaligonga tanka la maji lililokuwa limeegeshwa, akavunjika mbavu na nyonga, akalala hospitali siku tisa, na kila alipopata pumzi hakuulizia kidonda chake, aliuliza magari, akimtajia Serah namba na rangi moja baada ya nyingine, hadi Alhamisi tarehe 17 Oktoba saa kumi alasiri alipofariki.

Katika kikao cha familia ni mimi niliyetaka haya yasisomwe, nikasema tuandike ajali, inatosha, kwa nini jina la ndugu yangu lizikwe pamoja naye, lakini Serah alinitazama akasema, “Shemeji, mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kitamuumbua mtoto wa mtu mwingine,” nami nimeona haya tangu siku hiyo.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba kosa lilikuwa la Crispus Mwiti, si la Erifazi wala la gari, na familia inawaomba radhi. Magari manne kati ya sita yaliyobaki yamekwisha kuzuiwa yasiendeshwe, la tano ni pikapu ya Peugeot ya bluu iliyouzwa upande wa Yei, anayeijua asimame amwambie Erifazi leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Malakia waliopika na kulala chini pamoja nasi, walimu wenzake Serah, Mama Erina wa Konyo Konyo aliyewalea watoto siku zote tisa, na mafundi wa Jebel waliofunga kazi. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Gatwech, aliyekuja alfajiri na Land Rover yake ya kijani, ameiosha, ameivika maua, ili imbebe rafiki yake hadi uwanja wa ndege, nasi hatukupata moyo wa kumwambia pale nje mbele za watu kwamba hilo ndilo gari la sita. Mzee wetu, tusamehe, jeneza litabebwa mabegani, na tunakuomba uje mbele, uweke ufunguo hapa juu yake.

Lala kwa amani, kaka yangu.