Mshale wa Arobaini

Kati ya kinyozi na banda la fundi pikipiki kuna benchi, ubao mrefu uliokalia matofali, na asubuhi ile lilijaa mpaka ukiinuka kujimiminia kahawa unarudi nafasi yako ina mtu. Alikuwepo Injini, mzee aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia. Alikuwepo Hakimu, kinyozi, jina kapewa kwa vile hajawahi kusikia ugomvi asiutolee hukumu. Na Spoku, fundi mwenyewe, kachuchumaa mbele ya pikipiki iliyovuliwa gurudumu la mbele kama mtu kavuliwa kiatu. Mwenye pikipiki ni Taratibu. Huyo kakaa mwishoni, kikombe mkononi, kahawa inapoa, hanywi. Taratibu haachi kahawa ipoe, jamani, hata akiwa na homa.

Jina lake hakuliiba. Ukiwa na mja mzito wa kupeleka kliniki, ukiwa na bibi mwenye mgongo mbovu, ukiwa na trei ya mayai, unamwita Taratibu. Mshale wake hauvuki arobaini. Abiria akimhimiza, anagonga kioo cha spidomita kwa ukucha, tk tk, anamwambia, "Arobaini hiyo, bosi. Anayetaka kuruka akapande ndege." Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma, na wateja wakazidi kumfuata.

Sasa huyo huyo ndiye aliyemwangusha shemeji yake. Ilikuwa kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mkokoteni wa mbao umesimama njiani, Taratibu akabana breki, pikipiki ikalala, shemeji akarushwa mpaka ukingo wa mtaro. Goti likavunjika. Na shemeji ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa mguu. Hebu mfikirieni.

Ndugu za shemeji wakasema kijana alikuwa anakimbiza. Dada yake Taratibu, ambaye ndiye mke wa mgonjwa, na ndiye aliyemlea Taratibu tangu mama yao alipofariki, alisimama katikati ya wodi, mkono kiunoni, akawaambia mawifi zake kwamba mdogo wake kamwambia alikuwa arobaini, na mdogo wake hajawahi kumdanganya. Hata wagonjwa waliacha kuugua. Wakakubaliana wakae kikao kesho yake jioni, na mawifi wakaahidi kuja na binamu yao mmoja, dereva, aipande pikipiki aone kama saa yake ya mwendo inasema kweli.

Asubuhi Taratibu akaileta kwa Spoku anyooshe usukani tu. Spoku akaunyoosha, akaijaribu barabarani sambamba na pikipiki ya mteja mwingine, akarudi sura imebadilika. Ndipo akalivua lile gurudumu.

Alichoeleza Spoku ni hiki. Ringi ya zamani ya Taratibu ilipinda shimoni, wakatafuta gurudumu zima kwenye vyuma chakavu, la pikipiki kubwa zaidi, likaingia vizuri, wakapongezana. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, mna kigia kidogo kinachohesabu mizunguko ya gurudumu na kuituma juu kwenye saa kwa waya. Kigia kile kilizaliwa na pikipiki nyingine. Kinahesabu kwa hesabu ya kwao.

— Nilikufungia mimi mwenyewe — alisema Spoku, bila kuinua uso. — Nikakupigia na makofi.

— Kwa hiyo arobaini yangu ni ngapi? — akauliza Taratibu.

— Sitini kasoro kidogo.

Taratibu akatazama kikombe. Akawaza wale wajawazito wote. Akawaza yule bibi wa mgongo aliyekuwa akimwombea dua kila akishuka.

Basi benchi nalo haliwezi kukaa kimya, lina ugonjwa huo. Injini akakohoa kwanza, maana bila kikohozi hakuna atakayejua kwamba anaanza. Akasema hiyo si habari ya kigia. Ni uzito. Ukibeba abiria tairi linabonyea, likibonyea linakuwa vivu, na mshale nao unashika uvivu huo huo. Yeye aliwahi kupanda mlima na lori la saruji, mshale umelala kwenye sifuri njia nzima.

— Saa ilikuwa mbovu? — akauliza Hakimu.

— Saa ilikuwa nzima. Lori ndilo lilikuwa linarudi nyuma.

Watu walicheka, kahawa ikamwagika. Taratibu hakucheka, na Injini alipomwona hivyo akajifuta mdomo, akatulia.

Hakimu akavuta pumzi ya hukumu. Alitaka kujua nani kampima mpimaji. Spoku kasema saa ya Taratibu ni mwongo kwa sababu haipatani na saa ya yule mteja. Je, kama mteja ndiye mwenye saa ya uongo? Mashahidi wawili wamepishana, utamfungaje mmoja?

— Nilipima na ya tatu — alisema Spoku. — Na ya nne.

— Basi zote nne ziitwe.

Spoku akaendelea kufuta habu kwa kitambaa. Hakimu akaona kesi inamponyoka, akaingia ndani dukani kwake, akarudi ameshika kisumaku cha kuokotea wembe. Akauliza, shemeji ni fundi wa nini? Wa nguo. Fundi wa nguo anaokotea nini pini zake? Sumaku. Anaiweka wapi? Mfuko wa shati. Na siku hiyo kakaa wapi? Nyuma ya dereva, kifua kimeegemea mgongo, sumaku inatazama spidomita. Na ndani ya spidomita mna sumaku, Spoku mwenyewe anajua. Kwa hiyo mshale umevutwa na aliyeumia. Kajivunja goti mwenyewe.

Hapo benchi halikucheka. Upumbavu ule ulikuwa na mlango, na Taratibu akajiona anauchungulia. Ingekuwa raha kiasi gani, Mungu wangu, kosa likikaa kwenye mfuko wa shati la mtu mwingine. Halafu akalikumbuka goti lile lilivyofungwa, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Ndipo Hakimu, kwa sauti ya chini, akasema lile la maana kuliko yote. Kigia sahihi si kipo? Kipo, Spoku alikwisha kukipata, kilikuwa kiganjani mwake kimepakwa grisi. Basi kifungwe sasa hivi. Jioni binamu wa watu atapanda, ataona arobaini ni arobaini, atashuka, kikao kitaisha, dada wa watu atainua kichwa. Nani kadanganya? Hakuna. Saa itakuwa imerekebishwa tu, na kurekebisha si dhambi.

Injini akatikisa kichwa polepole. Alisema saa ikitengenezwa leo itaonekana ilikuwa nzima tangu siku ya ajali, na akasema hapendi. 

— Nifunge? — Spoku akauliza.

 Taratibu alikuwa angali anakitazama kile kigia pale dada yake alipotokea kwenye kona ya kinyozi, kitenge kimefungwa kwa haraka, chupa ya uji ya hospitali mkononi, amekuja kumchukua waende wodini. Hajawahi kukaa benchi lile hata siku moja. Wakampisha, hakukaa. Akaliangalia gurudumu lililolala chini. Hakimu akamweleza, shikamoo nyingi mbele na nyuma, kwamba ni marekebisho madogo ya saa, maana ilikuwa na kasoro.

Dada akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mdogo wake, wala hakupaza sauti.

— Mwanangu, ulipokuwa unaingia ile kona, macho yako yalikuwa kwenye saa au barabarani?

 Injini akatazama matofali. Maana Taratibu akisema saa, basi mkokoteni hakuuona kwa sababu alikuwa akichunga mshale. Akisema barabara, basi ile arobaini aliyomwambia dada yake kaitoa wapi? Spoku akabaki na kigia kiganjani, grisi inamchirizikia kwenye kifundo cha mkono, hasogei.

Taratibu aliweka kikombe chini. Alitafuta pale konani kichwani mwake, akaona vumbi, akaona mbao, na macho yake mwenyewe hakuyaona yalipokuwa.

— Dada — akasema — leo kikaoni usinisemee. Nitasema mwenyewe.